Benki ya taka yataka mizani, daftari na amana

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Pengine waliwakusudia wenye maduka, wenye mashamba ya minazi, na manahodha waliopakia vyombo vyao mikoko na pembe wakavuka kwenda Ghuba. Sidhani kama yuko mmoja wao aliyewaza kuwa itafika siku daftari lifunguliwe kwa ajili ya chupa tupu, makopo na magazeti ya zamani. Siku hiyo imekwisha kufika, na imewafikia kwanza Waislamu wenzetu wa ng'ambo ya bahari hii hii yetu, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia. Huko kuna benki ambayo mtu haweki shilingi wala dhahabu. Huweka taka.

Leo nataka tuiangalie benki hiyo, na hasa jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa na wanaoisifu. Benki ya taka haisimami kwa mitambo, wala haisimami kwa fedha za wafadhili. Husimama kwa watu wa mtaa wenyewe, akina mama na vijana na wazee waliostaafu, ambao wamefundishwa kutenga, kupima, kuandika na kulipa bila ya kumpunja mtu. Penye watu hao, benki huishi. Wasipokuwapo, hata ingejengewa jumba la ghorofa, hugeuka jaa jingine lenye kibao mlangoni.

Ilivyoanza Bantul

Tarehe 27 Mei 2006 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga upande wa Yogyakarta, kusini mwa Java. Watu zaidi ya 5,700 walikufa, na wilaya iliyoumia kuliko zote ilikuwa Bantul. Ni katika wilaya hiyo, mtaa wa Badegan, ambako mwezi wa Februari 2008 mwalimu mmoja wa afya ya mazingira, Bambang Suwerda, alishirikiana na jirani zake kufungua benki ya taka wakaiita Gemah Ripah, maneno ya Kijava yanayonena neema na ustawi.

Kilichomsukuma hakikuwa biashara. Ilikuwa ni homa ya dengi. Mbu anayeieneza homa hiyo hazai katika kinamasi. Huzaa katika maji safi yaliyotuama ndani ya kopo, chupa iliyokatwa au gurudumu lililotupwa uani. Mwalimu yule alijua kuwa dawa ya kupulizia huua mbu wa leo tu. Anayetaka kumkomesha mbu wa kesho na alitoe kopo uani. Lakini utamwambiaje mtu alitoe kopo uani kwake kila juma, mwaka baada ya mwaka, asichoke? Jawabu lake lilikuwa kulipa kopo lile thamani na kumfungulia mwenye kopo daftari.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kila nyumba hutenga taka zake kavu katika mifuko mitatu: mmoja wa plastiki, mmoja wa karatasi, na mmoja wa makopo na chupa. Siku ya benki ikifika, mwenye nyumba huchukua mifuko yake mpaka kituoni. Hapo hupimwa mbele ya macho yake, uzito ukaandikwa, naye akapewa stakabadhi. Taka zikikusanyika za kutosha, huitwa mnunuzi, naye hununua kwa jumla. Fedha zikipatikana, kila mtu huandikiwa fungu lake katika kitabu chake cha akiba.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na sababu zake za kuliunga mkono jambo hili. Tarehe 21 Februari 2005 mlima wa taka katika jaa la Leuwigajah, karibu na mji wa Bandung, uliporomoka baada ya mvua kubwa, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 140. Msomaji hebu fikiri: watu kufa kwa kufunikwa na taka! Mwaka 2008 ikapitishwa sheria ya taka, na mwaka 2012 zikatolewa kanuni maalumu za benki za taka, ambazo zilifuatwa na nyingine mwaka 2021. Kanuni za 2012 zilieleza hata mgawanyo wa fedha: katika kila 100, 85 ni za mwenye taka na 15 ni za benki kwa gharama za kazi. Tena zilitaka wanaoendesha benki wawe wamepitia mafunzo. Hawakuachiwa tu mizani wakaambiwa waanze.

Tangu hapo benki hizi zimekuwa maelfu. Ziko ambazo mtu huweza kuigeuza akiba yake ya taka kuwa akiba ya dhahabu kwa kupitia shirika la serikali la rehani. Najua dada zetu wa Pwani wamelisoma neno hilo mara mbili! Na mjini Malang daktari kijana, Gamal Albinsaid, aliwapa wanyonge njia ya kulipia matibabu kwa taka. Mtu alileta kila mwezi taka zenye thamani ya rupia 10,000, naye akatibiwa yeye. Kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo nchini Uingereza mwaka 2014.

Maneno ya nyumba moja

Anayesikiliza mazungumzo ya watu hao kuhusu taka atasikia maneno ambayo hayahitaji mkalimani. Kitu kilichopotea bure wao hukiita mubazir, nasi twasema ubadhirifu. Uaminifu wao ni amanah, nasi ni amana. Mteja wa benki kwao ni nasabah, neno ambalo kwetu limebaki katika ukoo na nasaba, na kwao likaenda kwenye uhusiano wa mtu na benki yake. Maneno yote haya yalitoka Arabuni, moja likasafiri kwenda mashariki na jingine likaja huku kwetu kusini.

Si maneno tu. Mwaka 2014 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa yake namba 41, inayohusu taka. Baraza lilisema kutupa taka ovyo, na kutupa kitu ambacho bado chaweza kumfaa mtu mwenyewe au mwenziwe, ni haramu. Likasema pia kuzitengeneza taka zikawa kitu cha manufaa kwa umma ni fardhi kifaya. Msomaji anaijua fardhi kifaya kwa mfano wa maziko: wakiifanya baadhi ya watu, wengine wamesalimika, na isipofanywa na yeyote, mji mzima una dhambi. Hebu liweke jaa la mtaani kwako katika hukumu hiyo, kisha ujiulize ni nani aliyekufanyia wewe.

Huko huko Bantul, katika kijiji cha Brajan, waumini wa msikiti walianza mwaka 2013 jambo walilolipa jina la sadaka ya taka. Hapo mtu hafunguliwi akiba. Huleta chupa na makaratasi yake kwa nia ya sadaka, yakauzwa, na fedha zikawasaidia mayatima masomoni na mafukara kwa chakula na matibabu. Mtu asiye na shilingi mfukoni naye akapata mlango wa kutoa. Sisi sote tumefundishwa chuoni tangu udogo kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Wale wa Brajan waliuondoa udhia njiani, kisha wakamlisha yatima kwa udhia ule ule.

Je, si riba?

Najua liko swali ambalo litaulizwa barazani mara tu neno benki likitajwa. Nalo ni swali la haki. Mimi si mwanachuoni wa fiqhi, na mwenye shaka na amwendee sheikh wake. Lakini ni vyema amwendee akijua jinsi jambo lilivyo. Katika utaratibu niliouelezea, fedha hazizai fedha. Mtu ameleta mali, mali imeuzwa, mwenye mali amepata fungu lake na aliyepima, akatunza na kuuza amepata ujira wake. Fungu la 15 katika 100 hujulikana kabla, wala haliongezeki kwa kuchelewa. Ziko benki nyingine huko ambazo pia hukopesha, na hapo ndipo mtu anapopaswa kuuliza masharti kabla ya kutia sahihi.

Kwa maoni yangu hatari iliyo karibu zaidi iko kwenye mizani. Sura ya Al-Mutaffifin yaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, na onyo lile halikubagua dhahabu na chupa tupu. Mama aliyebeba gunia kichwani kutoka kichochoroni, akapunjwa nusu kilo, hatarudi tena. Hatagombana wala hatashtaki. Ataliacha gunia la pili libaki uani, naye atawaambia jirani zake watatu. Benki imekufa siku hiyo, ingawa mlango wake bado uko wazi.

Mafunzo yenyewe

Basi watu hufundishwa nini? Nitayaeleza kwa mpango, maana ndiyo kiini cha habari hii.

La kwanza ni kutenga. Plastiki zote kwa macho ya mtu asiyefundishwa ni moja, kumbe kwa mnunuzi ni mbalimbali, na mchanganyiko hushusha bei ya gunia zima. Njia nyepesi ya kuzitambua ni ndoo ya maji. Kata kipande cha chupa ya soda au ya maji ya kunywa ukitie ndani: kitazama. Kata kipande cha mtungi mgumu wa mafuta, au tia kizibo cha ile ile chupa ya soda: kitaelea. Ndiyo sababu wanaojua kazi huvua vizibo na kuviweka kando. Kwa makopo, sumaku yatosha. Likinaswa ni la chuma au bati, lisiponaswa huenda ni alumini, na alumini ina bei yake. Karatasi nayo yataka ukavu. Karatasi iliyolowa huongeza uzito leo na kuoza kesho, na mnunuzi akiliona gunia moja lililolowa huyashuku yote.

La pili ni mizani. Mwanafunzi hufundishwa kuihakiki kabla ya kuwapima watu. Lita 10 za maji ni kilo 10, ukishatoa uzito wa chombo. Mizani isiposema hivyo, kazi isianze. Kisha hufundishwa kutoa uzito wa gunia, na kuielekeza mizani kwa mwenye mali ili asome mwenyewe kwa sauti. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake, wala asisomewe na mpimaji.

La tatu ni daftari, na hapa ndipo wengi huanguka. Kila mzigo huandikwa mahali pawili, katika daftari la benki na katika kitabu cha mwenye mali. Ya mnunuzi huandikwa mahali pa tatu. Kwa mfano tu: mama ameleta kilo 8 za chupa, na chupa zimeuzwa shilingi 15 kwa kilo. Jumla ni shilingi 120. Fungu la benki ni shilingi 18. Kitabuni kwake huandikwa shilingi 102. Hesabu hii yaweza kufanywa na kijana yeyote aliyemaliza shule ya msingi. Ugumu wake ni kuifanya kila juma, bila ya kusema nitaandika kesho, na kukubali kwamba mtu yeyote mwenye akiba aweza kuja akasema nataka kuliona daftari.

La nne ni bei. Bei za wanunuzi hupanda na kushuka, na benki isiyolisema hilo mapema huitwa mwizi siku ya kushuka. Kwa hiyo bei hubandikwa ukutani, na zikibadilika hubandikwa upya kabla ya kupima. Tena mnunuzi atafutwe kabla ya taka. Mtaa uliokusanya magunia 40 bila ya kujua nani atayanunua umejitengenezea jaa kwa mikono yake.

La tano ni afya. Glavu na viatu vya kufunika mguu ni lazima, na sabuni na maji yawe karibu. Sindano, dawa na betri zisipokewe. Makopo yasilale nje yakakinga mvua, kwani tutakuwa tumemkimbiza mbu uani kwa watu tukamkaribisha benki.

La sita ni kurithisha. Asifundishwe mtu mmoja. Huyo mmoja ataolewa, atahama, ataugua au atapata kazi Nairobi, na funguo zitakwenda naye. Indonesia kwenyewe ziko benki nyingi zilizofunguliwa kwa shangwe zikalala, na sababu moja kubwa ni kwamba kazi yote ilikuwa mabegani mwa mtu mmoja au wawili waliochoka. Kila anayejua kupima na awe na mtu anayemtazama akijifunza.

Na sisi je?

Msomaji ataniuliza haya yatuhusu nini. Yatuhusu sana. Mombasa iliijua homa ya dengi mwaka 2013, ikaijua tena mwaka 2017. Jaa la Kibarani lilikaa miaka na miaka kando ya njia ya kuingilia kisiwani, likimpokea mgeni kwa moshi kabla hajakaribishwa na mwenyeji. Lamu punda hula mifuko ya plastiki wakafa nayo tumboni. Ni kweli kuwa mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mabadiliko yameonekana. Lakini chupa, vipakiti na ndara hazikukatazwa, na bahari nayo hutuletea za wenzetu.

Sheria tunayo. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka yataka taka zitengwe tangu nyumbani, na yazitaka serikali za kaunti ziwe na mahali pa kuzikusanya zile zinazoweza kutumika tena. Ufundi pia tunao. Ni mafundi wa Lamu walioiunda Flipflopi, jahazi la plastiki zilizookotwa likavikwa ndara za rangi rangi, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019. Dunia nzima iliiona. Kilichobaki ni ile kazi isiyopigwa picha: kazi ya kila juma, ya mizani na daftari.

Nasema tuna watu wa kazi hiyo tayari, ingawa hawajui kuwa wao ndio. Wanawake wa Pwani wameendesha vyama vyao vya kuchangiana miaka mingi, zamu kwa zamu, na aghalabu daftari huwa kwa mama mmoja ambaye hakuna anayemshuku. Mama huyo amekwisha hitimu nusu ya mafunzo. Mwalimu wa madrasa ambaye wazazi humkabidhi watoto wao anayo amana ya mtaa mikononi. Mzee aliyeuza duka miaka 30 anaijua mizani kuliko mtaalamu yeyote wa kuletwa. Watu kama hao ndio wa kuanza nao. Mafunzo yenyewe hayahitaji hoteli. Uwanja wa madrasa siku isiyo ya masomo, ndoo ya maji, sumaku, mizani na daftari jipya vyatosha.

Wako na wengine ambao haifai kuwasahau, nao ni wale vijana wanaookota chupa majaani alfajiri na kusukuma mikokoteni mpaka kwa wanunuzi. Wao waliijua thamani ya taka kabla yetu sote. Benki ikifunguliwa bila yao, itakuwa imewapokonya tonge. Wakiingizwa wakawa watengaji na wachukuzi wenye ujira, watakuwa walimu wa walimu, kwani hakuna anayeijua plastiki kwa kuigusa tu kama wao.

Wala nisimdanganye mtu. Benki ya taka haitamaliza taka. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni maganda, machicha, vichwa vya samaki na mabaki ya chakula, na hizo zataka shimo la mbolea au kuku wa jirani. Nepi na vile vipakiti vidogo havina mnunuzi. Fedha zenyewe ni ndogo, hazitamjengea mtu nyumba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba si pishi, na anayewaahidi watu utajiri kwa chupa tupu ameiua benki kabla ya kuifungua.

Faida iliyo kubwa ni ya namna nyingine. Mtaa uliojifunza kupimiana taka kwa haki, ukaandika na kulipana, umejifunza kuaminiana katika jambo dogo kabisa. Na wanaoaminiana kwa chupa tupu wataweza kesho kuaminiana kwa kisima, kwa shule na kwa waqfu. Kwa hiyo ningependa kamati za misikiti, walimu wa madrasa na viongozi wa vyama vya akina mama wakae mkutano mmoja wachague watu wao sita, wawili wa mizani, wawili wa daftari na wawili wa kutafuta mnunuzi, waanze kwa nyumba 20 za kichochoro kimoja. Wakiweza nyumba 20 kwa mwaka mmoja bila ya ugomvi wa hesabu, kichochoro cha pili kitakuja chenyewe kuomba kufundishwa.